Kioo cha Mbele cha Skuta: Kukichagua, Kukifunga na Kukitunza

Mvua za masika zinapoikamata Unguja, kati ya Machi na Mei, mtu anayetoka Bububu kwenda Mjini kwa vespa hulowa kifua kabla ya mgongo. Tone kubwa la mvua hushuka kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa sekunde. Likikutana na dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa, humpiga kwa mwendo unaokaribia kilomita 70 kwa saa. Ndiyo maana mvua ambayo mwenda kwa miguu huivumilia humchoma mwenye skuta usoni na kwenye vidole kama changarawe. Masika yakipita huja upepo wa kusi, unaorusha mchanga na unyevu wa chumvi kwenye barabara zilizo karibu na bahari.

Watu wamekuwa wakijikinga kwa walichonacho. Wapo wanaovaa koti kinyume, zipu ikakaa mgongoni, ili upepo usipate pa kupenya. Wapo wanaotia kipande cha boksi kifuani chini ya shati. Kwenye baridi ya Njombe na Makete, au Limuru kwa upande wa Kenya, hayo ni mavazi ya kila alfajiri. Kioo cha mbele kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko koti na boksi kwa pamoja. Lakini kikichaguliwa ovyo, humzuia dereva kuona. Kikifungwa ovyo, humzuia kukata kona. Kijitabu hiki kinahusu mambo hayo mawili, macho na usukani. Rangi, umbo na jina la mtengenezaji vitafuata baadaye.

Skuta yenyewe ilizaliwa na nusu ya kinga hiyo. Mhandisi Corradino D'Ascanio alikuwa mtu wa ndege na helikopta kabla ya kuibunia kampuni ya Piaggio chombo cha magurudumu mawili, na hakuzipenda pikipiki za wakati wake kwa sababu zilimchafua aliyezipanda. Mchoro wa Vespa uliosajiliwa Italia tarehe 23 Aprili 1946 uliweka bamba pana la chuma mbele ya miguu na kuificha injini nyuma. Matope na mafuta yakapata kizuizi. Kuanzia kiunoni kwenda juu, dereva akabaki wazi, na mpaka leo kioo cha kuziba pengo hilo kwa kawaida hununuliwa peke yake na kufungwa baadaye. Hapo ndipo makosa huingia, kwa kuwa kifaa kinachoongezwa kwenye usukani wa chombo chepesi hubadilisha namna chombo chote kinavyokwenda.

Kinachokingwa na kisichokingwa

Kioo kizuri huondoa mzigo wa upepo kifuani, na dereva wa safari ndefu huutambua uzito wa mzigo huo pale unapokoma. Mabega yanalegea, mikono haiung'ang'anii tena usukani, na uchovu unachelewa. Hupunguza wadudu, vumbi na maji yanayorushwa na magari ya mbele. Kioo kipana hukinga na vidole pia, jambo kubwa kwa mtu wa nyanda za juu, maana vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kukamata breki.

Hakizuii kila kitu. Nyuma ya kioo hutokea utupu mdogo unaovuta hewa ya pembeni na ya nyuma, hivyo mvua kubwa bado italowesha mabega na mgongo, na koti la mvua litabaki kuwa la lazima. Abiria hafaidiki sana. Wakati mwingine upepo uliorushwa juu ya kichwa cha dereva humwangukia yeye. Na lipo jambo la kusahihishwa hapa, kwa sababu linasikika kila kijiwe cha bodaboda: kwamba upepo wa kifuani ndio unaoleta nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi. Kioo humpa dereva joto na utulivu. Mwenye homa, kikohozi na pumzi za shida aende hospitali, hata kama skuta yake ina kioo kirefu kuliko zote mtaani.

Zaidi ya hayo, kioo hakichukui nafasi ya kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliowekwa pamoja na taasisi ya Cochrane ulionyesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kipande cha plastiki mbele ya usukani kinachoweza kufanya hivyo. Dereva anayevua kofia kwa kuwa "sasa nina kioo" amejipunguzia usalama aliodhani ameuongeza. Hata kioo kidogo cha kofia yenyewe kishushwe machoni, kwa sababu jiwe lililorushwa na tairi la lori halichagui njia ya kupita.

Anayekihitaji na asiyekihitaji

Si kila skuta inahitaji kioo. Mtu ambaye safari zake zote ni Darajani na Mwanakwerekwe, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa kati ya madaladala, atapata faida ndogo na joto kubwa. Mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imelegea na jua limesimama, upepo kifuani ni rafiki. Huyo anaweza kutosheka na kioo kifupi cha kufunika taa na sehemu ya chini ya kifua, au akakaa bila kioo kabisa na fedha yake akanunulia kofia bora.

Hali ni nyingine kwa mwalimu anayekwenda Paje au Nungwi na kurudi, kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mpeleka mizigo anayeshinda barabarani. Hao wanastahili kioo kirefu. Wajue tu kwamba kina gharama yake barabarani: eneo linalosukumwa na upepo linaongezeka, mwendo wa juu kabisa unapungua kidogo, na injini ndogo hula mafuta zaidi kwenye barabara ndefu zilizonyooka. Kwenye pikipiki za umeme, ambazo sasa zinaonekana kila siku Kigali na Nairobi, gharama hiyo hulipwa na betri. Anayefunga kioo kikubwa kwenye chombo cha umeme apime upya umbali anaoweza kwenda kwa chaji moja kabla hajaitegemea hesabu yake ya zamani.

Dereva aangalie juu ya kioo

Hili ndilo jambo kuu la kijitabu hiki. Kioo cha gari kina waipa. Cha skuta kwa kawaida hakina. Mvua ikinyesha, kioo hujaa matone. Usiku, kila tone huvunja taa za gari linalokuja na kuzitawanya. Na asubuhi jua likiwa chini, mikwaruzo midogo isiyoonekana mchana hung'aa yote kwa pamoja. Dereva anayelazimika kuangalia kupitia kwenye kioo cha namna hiyo amefungwa kitambaa machoni na kifaa alichokinunua kwa usalama wake. Kwa hiyo kioo kirefu cha skuta kinapimwa hivi: ukingo wa juu ufike usawa wa pua au mdomo wa dereva aliyekaa, ili macho yapite juu yake.

Wengi huogopa kuwa upepo utapita hapo hapo na kuwapiga usoni. Haupigi, au unapiga kwa mbali. Hewa inayopanda kwenye uso wa kioo haisimami ukingoni. Huendelea kupanda kidogo kabla ya kulala nyuma, na mvua nyingi huruka juu ya kofia pamoja nayo chombo kikiwa kwenye mwendo.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua dereva ambaye macho yake yako mita 1.5 kutoka ardhini, na ukingo wa kioo uko nusu mita mbele ya uso wake. Ukingo ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa macho, ataanza kuiona lami juu ya kioo kuanzia mita 7.5 mbele yake. Ukiwa sentimita 5 tu chini, ataanza kuiona kuanzia mita 15, na vyote vilivyo karibu zaidi, yaani shimo, mchanga, kuku, atavitazama kupitia plastiki. Sentimita 5 zimezidisha mara mbili eneo lililofichwa. Mtu wa duka hawezi kuyajua haya akiwa nyuma ya kaunta, kwa hiyo ukubwa wa "saizi ya kawaida" usimridhishe mnunuzi.

Kipimo sahihi huchukuliwa nyumbani kabla ya kwenda dukani. Skuta isimamishwe sehemu tambarare. Dereva akae kama anavyokaa siku zote, si kwa kujinyoosha kama anapigwa picha, akiwa amevaa kofia yake na viatu vyake. Mtu wa pili ashike kipande cha boksi mbele ya usukani, kwa mlalo ule ule ambao kioo kitakuwa nao, na kukipandisha na kukishusha mpaka dereva aseme anaiona lami. Boksi likatwe hapo na lipelekwe dukani. Abiria naye akae nyuma wakati wa kupima, kwa sababu uzito wake huishusha springi ya nyuma, hivyo skuta huinua uso na kioo hupanda.

Skuta ikitumiwa na watu wawili, mume mrefu na mke mfupi, au ndugu wawili wanaopokezana, kipimo ni cha mfupi. Mrefu atapata upepo kidogo zaidi kwenye kofia, mfupi hatapofushwa. Anayesitasita kati ya saizi mbili achukue iliyo ndefu na kuipunguza, kwani kioo kirefu hukatika na kifupi hakiungiki. Kukata si kazi ya haraka. Mstari upigwe juu ya tepu ya karatasi iliyobandikwa pande zote mbili, msumeno uwe wa meno madogo, na ukingo usuguliwe kwa msasa mkavu mpaka mwisho wa kidole ukipita usikwaruzwe. Ukingo mkali uko karibu mno na koo la dereva kuachwa hivyo.

Kuhusu rangi, kioo cheusi au cha moshi kinavutia mchana na huwa hatari usiku. Kioo kifupi, ambacho macho hayapiti hata siku moja, kinaweza kuwa na rangi yoyote. Kirefu kiwe cheupe, kinachopitisha mwanga wote. Karatasi za matangazo, majina ya timu na picha za wasanii zikae chini, mbali na ukingo wa juu.

Plastiki ya aina mbili

Vioo vingi vya skuta ni plastiki ngumu, na zinazotumika zaidi ni mbili. Akriliki huanza ikiwa safi, haikwaruziki upesi, inavumilia jua kwa miaka, na bei yake ni ya chini. Ikipata pigo kubwa huvunjika vipande vyenye ncha. Polikaboneti hupinda kabla ya kuvunjika na huhimili pigo mara nyingi zaidi ya akriliki, lakini hukwaruzika upesi kama haikupakwa utando mgumu kiwandani, na ile isiyo na kinga ya jua hugeuka manjano.

Kwa dereva wa barabara kuu, anayefuata malori yanayorusha mawe, polikaboneti yenye utando ndiyo ya kununua. Kwa mwendo wa mjini akriliki inatosha. Njia ya uhakika ya kuzitofautisha ni alama iliyochapwa pembeni: PC ni polikaboneti, PMMA ni akriliki. Unene wa milimita 3 hadi 5 ndio wa kawaida kwa vioo virefu. Kioo kirefu chembamba zaidi ya hapo hucheza na kupiga kelele kwenye upepo, na mashimo yake ya bolti hupasuka mapema. Muuzaji anayekata karatasi ya plastiki ya mapaa na kuiita kioo cha skuta asinunuliwe, hata akishusha bei vipi.

Mnunuzi pia aende na skuta yake, au walau picha za usukani kutoka mbele na pembeni. Bajaj ya India iliunda skuta kwa leseni ya Piaggio tangu miaka ya 1960, na machoni pa mtu zinafanana sana na za Italia; hata hivyo mikono ya chuma ya kioo haihami kutoka modeli moja kwenda nyingine kwa kufanana kwa sura. Mikono mingi hukaa kwenye matundu ya vioo vya pembeni. Matundu hayo huwa ya milimita 8 au 10, na kwenye pikipiki nyingi za Yamaha kile cha kulia hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha kawaida. Fundi asiyelijua hilo hukaza akidhani anafungua, na tundu likiliwa nyuzi zake, gharama yake hupita bei ya kioo.

Siku ya kufunga

Kazi hii si ngumu, na fundi mtulivu huimaliza bila kuchelewa. Huharibika kwa sababu ya haraka. Skuta isimame kwenye stendi ya katikati, gurudumu la mbele likiwa limenyooka. Karatasi laini iliyobandikwa kwenye kioo kipya isibanduliwe yote. Ibanduliwe kwenye mashimo tu, na iliyobaki iachwe mpaka mwisho ili spana ikiteleza isiache kovu.

Kwanza hufungwa mikono ya chuma peke yake, nati zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu. Kisha kioo huwekwa na kusawazishwa kwa jicho, fundi akiwa amesimama hatua kadhaa mbele ya skuta. Kikishanyooka ndipo kukaza huanza, kidogo upande huu, kidogo upande ule. Kila bolti inayopita kwenye plastiki iwe na raba pande zote mbili na washa pana juu yake. Nati ikigusa washa na raba ikaanza kubanwa, nusu mzunguko zaidi inatosha. Raba ikivimba na kutoka nje, imezidi.

Kuna sababu ya kutokaza sana. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kioo chenye upana wa nusu mita, kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri na kupata joto la nyuzi 30 zaidi juani, hurefuka kwa karibu milimita 1. Kikikosa nafasi ya kutanukia, ufa huanzia kwenye shimo la bolti. Kwa hiyo anayelazimika kutoboa shimo jipya alifanye pana kuliko bolti kwa milimita 1 au 2, drili ikienda polepole, kipande cha mbao kikiwa nyuma ya kioo kupokea ncha. Shimo lisiwe karibu na ukingo.

Gundi ya kuzuia nati kulegea isitumike mahali popote inapoweza kugusa plastiki, kwa sababu kemikali zake huipasua, na mpasuko unaweza kuonekana siku kadhaa baada ya fundi kulipwa. Zitumike nati zenye pete ya plastiki ndani. Petroli na mafuta ya breki nayo ni adui. Kwa wakazi wa pwani, bolti za chuma kisichoshika kutu ni lazima, na zipakwe grisi kidogo pale zinapoingia kwenye aluminiamu. Vinginevyo chumvi itazigandisha na hazitafunguka tena.

Sasa kipimo cha usukani. Injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe wote kushoto, kisha wote kulia. Kioo kisiguse bamba la mbele, kisiguse magoti, wala kisikibane kidole kilichoshika klachi au breki. Dereva abonyeze honi na indiketa akiwa amekata kona mpaka mwisho, maana huko ndiko vidole hugongwa. Baada ya hapo injini iwashwe, ikiwa kwenye silensa, na usukani uzungushwe tena taratibu pande zote mbili. Mlio wa injini ukipanda usukani unapogeuzwa, waya wa akselereta umevutwa au umebanwa na mkono wa kioo. Skuta hiyo isitoke hapo. Ikitoka, siku dereva atakapokata kona kwenye makutano, itaongeza mwendo yenyewe.

Taa ya mbele iangaliwe usiku, ukutani, kabla na baada ya kufunga. Kioo kinachoshuka mbele ya taa huweza kuurudisha mwanga machoni mwa dereva. Vioo vya pembeni virudishwe mahali pake. Wapo wanaoviacha kwenye boksi kwa kuwa matundu yametumiwa na kioo kipya. Huko ni kubadilishana kitu cha lazima na kitu cha hiari, na fundi mwema hukataa kuikabidhi skuta ya namna hiyo.

Safari ya kwanza na upepo wa pembeni

Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kioo chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 70 husukumwa, kwa kilomita 40 kwa saa, na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3 hivi. Kwa kilomita 80, nguvu hiyo hupita kilo 12. Na kwa kuwa kioo kimeshikwa na usukani, nguvu hiyo hupitia kwenye usukani ule ule alioushika dereva.

Kwa hiyo safari ya kwanza ianze kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tupu, kisha 40, kisha 60, bila abiria. Usukani ukitikisika wenyewe, mwendo upunguzwe taratibu, mikono ikiwa imelegea. Kuung'ang'ania huongeza mtikisiko. Sababu huenda isiwe kioo chenyewe: bearingi za usukani zilizolika na tairi lenye upepo mdogo huweza kujificha kwa miaka mpaka kioo kije kuzifichua. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zote zikaguliwe upya.

Upepo wa pembeni ndio wa kuhofiwa zaidi. Kwenye madaraja yaliyo wazi kwa bahari, kama Daraja la Tanzanite jijini Dar es Salaam, na kwenye Barabara ya Morogoro pale basi linapompita mtu kwa kasi, kioo kipana kwenye skuta nyepesi yenye magurudumu madogo hufanya usukani uvutwe ghafla. Dereva akae katikati ya njia yake, si ukingoni kabisa mwa lami, ili akisukumwa awe na mahali pa kusukumiwa. Siku za upepo mkali kioo kirefu kivuliwe na kuachwa nyumbani. Vile vinavyovulika kwa nati mbili vina thamani yake kwa sababu hiyo.

Mwavuli wa bodaboda

Mombasa, Kisumu na miji mingine ya Kenya, bodaboda nyingi zina mwavuli mrefu wa turubai uliofungwa kwa fremu ya chuma, mwingine ukiwa na kioo cha plastiki mbele. Hakuna anayeshindwa kuelewa kwa nini upo. Abiria huchagua pikipiki yenye kivuli, na dereva anashinda juani au mvuani kutafuta riziki. Lakini turubai hushika upepo juu ya kichwa, mahali ambapo nguvu ndogo hukiyumbisha chombo sana, fremu yake huziba macho pembeni, na katika ajali vyuma vyake viko karibu na shingo za watu wawili.

Kinga kamili inawezekana, ila huanzia kiwandani. Honda ya Japani ilitoa mwaka 1990 Gyro Canopy, skuta ya magurudumu matatu yenye kioo kikubwa, waipa na paa, na imekuwa ikitumika kupeleka vyakula mijini huko. BMW ya Ujerumani ilijaribu na C1 mwaka 2000, ikamzungushia dereva fremu ya aluminiamu na kumfunga mikanda. Utengenezaji wake ulisimama baada ya miaka michache. Katika vyombo vyote viwili, paa, uzito na usukani vilihesabiwa pamoja tangu kwenye mchoro. Fremu iliyochomelewa gereji haijahesabiwa na mtu. Ushauri wa kijitabu hiki ni mmoja: kioo kilichopimwa na koti la mvua, na mwavuli ubaki kijiweni kwa ajili ya abiria wanaosubiri.

Kukisafisha bila kukiua

Vioo vingi havifi kwa ajali bali kwa kitambaa kikavu. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na kulifuta likiwa kavu ni kukipiga kioo msasa. Kimwagiwe maji kwanza. Wadudu waliogandia wafunikwe kwa kitambaa chenye maji kwa dakika kadhaa mpaka walainike, kisha kioo kioshwe kwa maji ya sabuni laini na kiganja au kitambaa laini cha pamba, na kisuuzwe. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia, petroli, tina na spiriti visikiguse. Huacha nyufa ndogo ndogo kama utando, na kioo kikishafika hapo hakirudi. Mkazi wa pwani akisuuze kwa maji baridi hata siku ambazo hakikuchafuka, kwa ajili ya chumvi.

Ufa mdogo huweza kusimamishwa kwa kutoboa tundu la milimita 3 mwisho wake kabisa. Hilo ni la kumfikisha mtu dukani tu. Ufa ulio kwenye shimo la bolti au ulio mbele ya uso hauna tiba.

Anayenunua skuta iliyotumika, yenye kioo tayari, asidhani kimefungwa sawasawa kwa kuwa kimekaa miaka. Apime urefu kwa macho yake mwenyewe, azungushe usukani injini ikinguruma, atikise mikono ya chuma. Waswahili walioko Ujerumani wana jambo moja la kuongeza: kioo cha kununua baadaye huko huwa na cheti cha kibali kinachoitwa ABE, nacho kihifadhiwe pamoja na karatasi za chombo. Afrika Mashariki, mwenye bima aiulize kampuni yake kabla ya kufunga, na apewe jibu kwa maandishi.

Kabla ya vuli kuanza mwezi Oktoba, kila mwenye kioo atenge saa moja: spana namba 10 na 13, ndoo ya maji, kitambaa safi, na mtu wa kumshikia usukani. Nati iliyolegea, raba iliyopasuka au ufa kwenye shimo vikionekana, kioo kivuliwe siku hiyo hiyo na skuta itumike bila kioo mpaka kipatikane kingine.